Mashini ya leza: tujue kinachowekwa chini yake kabla ya kufungua sanduku la kikundi



Miezi hii, katika mikutano ya vikundi vyetu vya Katuba, Kenya na Ruashi, swali moja linarudi kila mara: je, tufungue sanduku la likelemba tununue ile mashini ndogo inayokata na kuandika mbao kwa mwanga wa leza? Wengi wenu mmeiona kwenye simu. Mwanga wa buluu unapita juu ya ubao, moshi kidogo unapanda, na baada ya dakika chache jina la bibi harusi limeandikwa safi kabisa. Ndipo mtu anajiuliza: kwa nini kazi hiyo ifanywe na wengine, sisi tukiangalia?

Swali ni zuri. Mashini hii inaweza kumpa mama kazi ya kufanya nyumbani na kulipa masomo ya watoto. Inaweza pia kuharibu jicho la mtoto kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope, na kujaza chumba hewa yenye asidi, kwa sababu tu mtu aliweka chini yake plastiki asiyoijua. Ndiyo maana sisi walimu tumeona vema kuandika mambo haya kwa utaratibu. Neno letu ni moja: kabla ya kuuliza bei ya mashini, tujue vitu tutakavyoweka chini yake.

Mwanga unakataje?

Kila mtoto wa masomo amewahi kushika kioo cha kukuza, kukusanya mwanga wa jua mahali pamoja, na kutoboa karatasi. Leza inafanya jambo linalofanana na hilo, ila mwanga wake ni wa rangi moja tu, unakwenda pamoja bila kutawanyika, na unakusanywa katika nukta ndogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Pale nukta inapoangukia, kitu kinaungua au kinageuka mvuke. Kompyuta inaongoza nukta hiyo kufuata mchoro. Ikipita haraka inaandika juu tu. Ikipita polepole na kwa nguvu inakata hadi chini.

Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960 huko California, Marekani, mikononi mwa Theodore Maiman. Ilikuwa mwezi mmoja na nusu kabla ya Uhuru wetu wa 30 Juni. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitengeneza leza inayotumia gesi ya kaboni dioksidi. Siku hizo vilikuwa vyombo vya maabara kubwa. Leo vinauzwa katika sanduku ambalo mama anaweza kulibeba mwenyewe.

Kwa kazi ndogo za nyumbani ziko aina mbili. Ya kwanza ni ya diodi: nyepesi, mwanga wake ni wa buluu, nayo ndiyo mnayoiona mara nyingi kwenye simu. Ya pili ni ya gesi: ina bomba la kioo, mwanga wake hauonekani kwa macho, inahitaji maji ya kuipoza na inakula umeme mwingi zaidi. Inakata vizuri zaidi, lakini ni nzito na bomba lake huvunjika njiani. Kwa kikundi kinachoanza tunazungumza hasa juu ya ile ya diodi.

Angalieni ujanja mmoja wa sokoni. Juu ya sanduku huandikwa wati 40, na mnunuzi anafurahi. Mara nyingi hizo ni wati za umeme unaoingia. Nguvu ya mwanga unaotoka inaweza kuwa wati 5 tu. Muulizeni mwuzaji: wati za mwanga ni ngapi? Yenye wati 10 za mwanga hukata tripleksi ya milimita 3 kwa kupita mara moja au mbili, polepole. Yenye wati 5 itapita mara kadhaa, na kazi ya saa moja itageuka ya asubuhi nzima.

Kapu la kwanza: vitu vinavyokubali

Tripleksi nyembamba ndiyo rafiki wa kwanza. Ila ina gundi kati ya tabaka zake, na penye gundi nyingi mwanga hukwama. Kabla ya kununua kipande kizima, ombeni kipande kidogo mkijaribu.

Mbao zetu za msituni, kama mulombwa, ni ngumu na nzito. Kuzikata kwa mashini ndogo ni kupoteza saa, lakini kuziandika ni vizuri sana. Vipande vinavyobaki kwa seremala, ambavyo mara nyingi huishia kwenye mbabula, vinatosha kwa vibao vya majina, vishikio vya funguo na visahani vya kuwekea kikombe. Mbao iliyopakwa rangi ya zamani tuiache, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Pia mbao iliyotiwa dawa ya wadudu, kama miti ya nguzo, isiingie kabisa: dawa yake inaweza kuwa na sumu ya aseniki, na moshi wake unaibeba.

Karatasi nzito na katoni hukatwa vizuri, na kadi za harusi zenye maua ya kutobolewa hupendwa sana. Lakini karatasi huwaka moto upesi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo macho yasiondoke juu yake hata kidogo.

Kitambaa cha pamba, pamoja na vipande vya kikwembe vinavyobaki kwa mshonaji, hukatika, na ukingo unabaki na rangi ya kahawia kidogo. Maua hayo yanaweza kushonwa juu ya mto au mfuko.

Kibuyu kikavu huandikwa vizuri ajabu. Kwa kuwa ni cha mviringo, nukta ya mwanga inapoteza ukali pembeni, basi mchoro uwe mdogo na uwe katikati.

Ngozi ya kweli inaandikika ikiwa imelainishwa kwa maganda ya miti. Ngozi nyingi za viwandani hulainishwa kwa kromu, na moshi wake ni mbaya. Asiyejua ngozi yake ilitoka wapi, asiiweke.

Kapu la pili: vitu vyenye masharti

Kioo na pleksi inayoona upande wa pili havikubali mwanga wa buluu, kwa sababu mwanga unapita tu, kama jua dirishani. Kioo kikipakwa rangi nyeusi juu, mwanga unaunguza rangi na kuacha alama kwenye kioo. Kisha rangi inaoshwa. Pleksi nyeusi hukatika. Ile ang'avu ni kazi ya mashini ya gesi.

Na shaba je? Hapa Lubumbashi kila mtu anauliza hilo kwanza, na ni haki. Nchi hii iliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya mababu iko katika Musée ya mji wetu. Jibu ni kwamba mashini ndogo haiandiki shaba tupu. Shaba hubeba joto upesi sana na kulisambaza, ndiyo maana sufuria ya shaba huwa ya moto pande zote. Basi nukta haipati joto la kutosha. Tena shaba iliyong'arishwa hurudisha sehemu ya mwanga, na mwanga uliorudishwa unaweza kuingia machoni. Mashini za kuandika metali zipo, ni aina nyingine, na bei yake iko mbali na sanduku letu.

Lakini fundi wa shaba na mama mwenye leza wanaweza kushirikiana. Leza ikate umbo katika tripleksi, fundi alaze bati jembamba la shaba juu yake na kuligandamiza mpaka mchoro utokeze. Ubao wa leza ukiwa fremu na shaba ya fundi ikiwa katikati, zawadi hiyo ina alama ya Katanga ambayo mashini peke yake haiwezi kuitoa.

Malakiti, lile jiwe letu la kijani, tuliache kwa mafundi wake. Ndani yake mna shaba na kaboni, na watoto wa sekondari wanajua katika somo la kemia kwamba unga wa kijani wa namna hiyo ukipashwa joto hugeuka mweusi. Leza itaharibu rangi ambayo ndiyo thamani ya jiwe. Vumbi lake nalo ni sumu. Fundi mwenye akili hulikata likiwa limelowa maji.

Kapu la tatu: vitu vilivyokatazwa

Hapa tunawaomba msome polepole.

Plastiki iitwayo PVC isiingie chini ya leza hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Ndiyo plastiki ya mabomba mengi ya maji, ya ngozi nyingi za bandia, ya vitambaa vingi vya kufunika meza, ya tapi za sakafuni na ya karatasi za kubandika matangazo kwenye magari. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu, hugeuka asidi. Unyevu huo uko wapi? Uko machoni, kooni na mapafuni. Asidi hiyo hula hata vyuma vya mashini yenyewe: kikundi kinapoteza afya na mtaji kwa siku moja.

Mtu atauliza: nitaijuaje, na plastiki zote zinafanana? Shaba yetu inatusaidia. Mwaka 1872 mwanakemia Friedrich Beilstein alionyesha jaribio ambalo bado linatumika. Chukua waya wa shaba uliovuliwa plastiki yake, ushike kwa koleo, uuchome motoni mpaka uwe mwekundu na mwali usiwe na rangi ya ajabu. Gusa plastiki kwa waya huo wa moto ili chembe kidogo ishikamane, kisha urudishe waya motoni. Mwali ukiwa wa kijani kibichi, hiyo ni dalili ya klorini: plastiki hiyo itupwe nje ya kazi. Jaribio lifanyike nje, penye upepo, kwa chembe ndogo tu, na mtu mzima asimame upande ambao moshi hauendi. Watoto wasilifanye. Hata mwali usipokuwa wa kijani, plastiki isiyojulikana jina tusiiweke, kwa sababu jaribio hili linaonyesha klorini na halionyeshi sumu nyingine.

Plastiki ngumu iitwayo ABS, ya vifuniko vya vyombo vingi vya umeme, huyeyuka na inaweza kutoa gesi ya sianidi. Povu jeupe linalofunga televisheni dukani hushika moto upesi. Vyote viwili tuvikatae.

Macho, mapafu, moto

Mashini ya wati 5 au 10 iko katika daraja la nne la leza, daraja la juu la hatari. Linaanzia nusu wati tu. Jicho lina lensi, na lensi hiyo hukusanya mwanga wa buluu juu ya ngozi laini iliyo nyuma ya jicho. Pale hakuna mshipa wa maumivu. Mtoto hatalia. Ataanza tu kuona doa jeusi, na doa hilo linaweza kubaki maisha yote. Miwani ya jua haisaidii. Tunahitaji miwani maalum iliyoandikwa kwamba inazuia mwanga wa nanometa 445 au 450, moja kwa kila mtu aliye chumbani. Mashini iliyofungwa ndani ya sanduku lake ni bora kuliko iliyo wazi. Mlango wa chumba ufungwe kwa ufunguo kazi ikiendelea, na mama asifanye kazi hii akiwa na mtoto mgongoni.

Juu ya moshi, hatuhitaji somo refu. Sisi wamama wa Lubumbashi tunajua mbabula yenye makala katika nyumba iliyofungwa inafanya nini usiku. Moshi wa mbao chini ya leza ni ndugu yake. Fungeni feni inayovuta moshi na bomba la kuutoa nje, mbali na dirisha la jirani. Chumba cha kulala na jikoni si mahali pake.

Juu ya moto, kanuni ni fupi: mashini ikiwaka, mtu awepo. Asiende mlangoni kumpokea mgeni, asiende kukoroga bukari. Chini ya kazi kuwe na bati la chuma, kamwe meza ya mbao tupu. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Moto ukishika, kwanza chomoa waya wa umeme, kisha zima. Maji yasimwagwe juu ya kitu kilicho na umeme ndani.

Umeme na hesabu

Jambo moja linatusaidia: mashini ya diodi hula umeme kidogo, mara nyingi chini ya wati 100 au zaidi kidogo. Kwa hiyo SNEL ikikata, betri nzuri yenye paneli ya jua inaweza kuiendesha. Bila betri, delestaji ikija katikati ya kazi, mashini husahau ilipofika na ubao unapotea. Gawanyeni kazi ndefu katika vipande vifupi.

Kompyuta ya kawaida inatosha. Programu ya kuchorea iitwayo Inkscape na ile ya kuongoza mashini iitwayo LaserGRBL hupatikana bila malipo. Mashini nyingi za diodi huuzwa nje kati ya dola 200 na 500, kabla ya usafiri na ushuru wa mpaka. Tuchukue mfano wa darasani: wamama 12 wakitoa dola 5 kila wiki, kwa wiki 8 wanapata dola 480. Lakini fedha hizo zote zisiende kwenye mashini. Kwanza tutoe bei ya miwani, feni, bati, betri na mbao za kujifunzia. Kinachobaki ndicho bei ya juu ya mashini yetu. Kikundi kinachonunua mashini kubwa na kukosa fedha ya miwani kimenunua matatizo.

Katika kupanga bei ya kazi, andikeni katika daftari: mbao, vipande vilivyoharibika, umeme, saa za aliyekaa karibu na mashini, na akiba ya kubadilisha taa yake siku ikichoka. Anayesahau saa zake anauza bure.

Kabla ya kazi ya mteja, fanyeni ubao wa majaribio: miraba midogo, kila mmoja na mwendo wake na nguvu yake, namba zikiandikwa pembeni. Kila aina ya mbao iwe na ubao wake ukutani. Huo ndio kitabu cha darasa la leza.

Tutengeneze nini?

Vibao vya majina kila mtu atatengeneza. Sisi walimu tunaona soko jingine lililo karibu: shule. Watoto wa darasa la kwanza wanahitaji herufi za mbao za kushika, namba, duara, pembetatu na saa yenye mishale ya kuzungushwa. Katika madarasa ya juu, fikirini ramani ya Congo iliyokatwa katika vipande 26: mikoa 25 na mji wa Kinshasa. Mtoto anaiunganisha kwa mikono, na anapoiweka Haut-Katanga karibu na Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika anaelewa jinsi Katanga ya zamani ilivyogawanyika mwaka 2015. Kitu cha namna hiyo kikitengenezwa hapa, kwa Kiswahili chetu, hakuna mzigo wa kutoka nje utakaokishinda. Kingo zisuguliwe kwa msasa, vipande visiwe vidogo vya kumezwa, na ramani ichunguzwe na mwalimu kabla ya kukatwa.

Wengine katika ukanda wetu wamekwisha kuanza kwa njia ya kushirikiana: Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana ya namna hii, na Kigali ilifungua yake mwaka 2016, ambapo vijana hujifunza bila kila mmoja kununua mashini. Vikundi vyetu viwili au vitatu vikiungana kwa mashini moja, chumba kimoja na wamama wawili waliofundishwa vizuri, hasara inapungua na ujuzi unaongezeka.

Kazi ya wiki hii

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kikusanye vipande kumi vya vitu ambavyo kingependa kukata au kuandika. Viwekwe katika makapu matatu: vinavyokubali, vyenye masharti, vilivyokatazwa. Kwa kila kipande semeni kimetoka wapi na kimetengenezwa kwa nini. Kisichojulikana kiende kapu la tatu bila mabishano.

Kikundi ambacho makapu yake yamepangwa vizuri, na ambacho kimekwisha kuandika majina ya watu wawili watakaokaa karibu na mashini na bei ya miwani yao, kiko tayari kujadili kununua. Ambacho bado, kisubiri wiki chache. Mashini zitakuwapo sokoni hata mwezi ujao, lakini jicho la mtoto haliuzwi dukani.